Chakula cha jioni chepesi na cha bei nafuu jirani na stesheni ya SGR Dar es Salaam

#1 Mleta mada

Wanajamvi, salaam.

Naandika uzi huu kwa ajili ya abiria anayeshuka Stesheni ya Magufuli jioni akiwa amechoka, pengine ameshika mkono wa mzazi au wa mtoto, na anachohitaji ni kula kitu chepesi, cha moto, kisichomchoma tumbo wala kumuumiza mfuko, kisha akalale. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, mimi na mama yangu tumekuwa tukishuka pale kila baada ya miezi miwili, kwa sababu kliniki yake Muhimbili huanza asubuhi sana na yeye hawezi tena kuamka usiku wa manane kuiwahi. Mama ana miaka 71, ana presha na vidonda vya tumbo vya siku nyingi, na daktari wake amemkataza mafuta mengi, pilipili, na kushiba sana usiku.

Safari ya kwanza nilikosea. Tulitoka stesheni saa mbili kasoro usiku, tukaingia mahali palipokuwa na taa nyingi na viti vizuri kwa sababu sikutaka mama atembee, na tulipouliza chakula tukaambiwa kilichobaki ni kuku na chipsi. Sahani moja ilikuwa shilingi 12,000, maji ya kunywa 1,000 kila mtu, kwa hiyo tulilipa 26,000, ambazo ni sawasawa na nauli yetu sote wawili kutoka Morogoro kwa 13,000 kila mmoja. Hilo la fedha nililimeza. Lililoniuma ni kwamba mama alikula kwa kunionea huruma, ili nisione kuwa fedha yangu imepotea, halafu akakaa kitako kitandani gesti hadi saa tisa usiku akishika kifua kwa kiungulia, na asubuhi yake akapimwa presha iko juu. Nilijilaumu sana, na ndiyo maana safari zilizofuata nilianza kuuliza, kutembea na kujaribu, mpaka nikaelewa jambo ambalo laiti mtu angeniambia mapema.

Jambo lenyewe ni hili: chakula chepesi katikati ya jiji kipo, tena ni cha bei ndogo, lakini kina saa zake. Mama lishe wa maeneo ya Mnara wa Saa, Samora na Nkrumah wanampikia karani wa ofisi, mpagazi wa bandarini na muuza duka, na wateja hao wote hula mchana. Kufika saa kumi jioni sufuria zimeshaoshwa. Baada ya hapo mji unakabidhiwa kwa watu wa mkaa na karai, yaani chipsi, mayai, kuku wa kukaanga na mishkaki, na mgeni anayefika saa mbili usiku huondoka akiamini kwamba Dar es Salaam hakuna anayekula maharage. Wali, mchicha, choroko, ndizi za kuchemsha na samaki wa mchuzi vilikuwepo palepale saa chache kabla.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofanya sasa ni kukata tiketi ya treni ya alasiri. Safari ya kutoka Morogoro haifiki saa mbili, na ukishuka kabla jua halijazama unawakuta wachache wanaochelewa kufunga. Ukitoka stesheni, usifuate barabara ya Sokoine upande wa bandari, kwa kuwa jioni huwa kimya na haina cha kula. Elekea Mnara wa Saa, ule uliojengwa mwaka 1961 mji ulipopewa hadhi ya jiji. Kila dereva wa bajaji na kila muuza vocha anaujua, kwa hiyo huwezi kupotea. Kwa mwendo wa mama yangu, ambaye husimama kupumzika mara mbili, tunatumia kama dakika kumi na tano.

Mtaa wa nyuma ya mnara kuna mama mmoja anayekaa hadi karibu saa mbili usiku, na huyo ndiye aliyetuokoa. Hana bango. Ana benchi moja refu, viti vinne vya plastiki, ndoo ya maji ya kunawa yenye koki, na hotipoti tatu zilizofunikwa kwa kanga iliyokunjwa mara mbili. Anapofunua ile ya kwanza, mvuke hutoka na harufu ya nazi, na ndani yake kuna mseto wa choroko, yaani mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hadi vikalainika na kushikana. Hauchoti kwa pupa: huingiza upawa pembeni, akaugeuza taratibu ili usivurugike, kisha akausawazisha kwenye sahani na kuweka mchicha upande mmoja. Mara ya kwanza mama alipoona mseto ule alikaa kimya, halafu akasema hajaula tangu bibi yetu alipokuwa hai. Sahani nzima ni 2,000, nusu sahani 1,000, mchicha 500. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno «nusu» lina thamani kubwa, na kwamba mama lishe wengi watakupa nusu ukiomba kwa heshima, ingawa hawataitangaza wenyewe.

Ukimkosa huyo, vuka uende Kisutu. Pembeni ya mahekalu ya Wahindu kuna migahawa ya mboga tupu, na watu wengi wetu huipita wakidhani ni ya wenyewe. Mimi nimeingia, nimekaribishwa vizuri, na nimekula dengu za mchuzi na chapati mbili kavu kwa 5,000. Ni muhimu useme mapema chapati isipakwe samli na mchuzi usitiwe pilipili, kwa sababu wao hawawezi kujua hali ya mgonjwa wako kwa kumtazama.

Kama umechelewa kabisa, jirani na Mnazi Mmoja na kuelekea Kariakoo utawaona wauzaji wa supu ya pweza na meza zao ndogo, taa ya betri na bakuli za vipande vilivyokatwakatwa. Kikombe cha supu ni 500, na vipande unachagua kadiri ya uwezo wako. Supu ile ni nyepesi, ina tangawizi, na ukiongeza ndizi mbivu mbili mtu mzima analala vizuri. Mama hapendi pweza, kwa hiyo hilo ni langu peke yangu.

Naomba wenyeji wa mjini mnisahihishe nilipokosea, na mwongeze mnayoyajua, hasa kwa saa za usiku.

#2 Shemeji wa Kilosa

Mleta mada, ahsante kwa uzi wenye faida, na pole kwa usiku ule wa kwanza. Mimi husafiri kutoka Dodoma kwa shughuli za mizigo, na tatizo langu ni kwamba mara nyingi nafika usiku mwingi, saa ambayo huyo mama wa mseto ameshalala kwake. Ushauri wa kukata tiketi ya alasiri ni mzuri kwa anayepanga safari yake, lakini wapo tunaopangiwa na kazi.

Nilichozoea ni kula kabla ya kupanda, halafu nikifika nisile tena zaidi ya tunda na kikombe cha chai. Kwa watu wa Morogoro hili lingekuwa rahisi zaidi kuliko kwetu, kwa sababu ndizi za milimani Uluguru ziko sokoni kila siku na bei yake ni nafuu kuliko ya Dar. Swali langu kwa wenyeji ni moja: baada ya saa tatu usiku, mtu asiyetaka karai aende wapi?

#3 Mwenyeji wa Kisutu

Habari zenu. Nimezaliwa mtaa wa Zanaki na bado naishi hukohuko, kwa hiyo naomba nichangie kwa kirefu kidogo.

Mleta mada amesema kweli kuhusu saa za mama lishe, lakini nadhani amewahukumu watu wa mkaa pamoja na watu wa karai, na hao si kitu kimoja. Kuchoma si kukaanga. Kwenye barabara za Kisutu, Libya na Jamhuri kuna majiko ya mkaa yanayowaka hadi usiku, na ukimwambia mchomaji akupe robo ya kuku bila ngozi, isiyopakwa mchuzi wa pilipili, na badala ya chipsi akuletee kachumbari na mkate au chapati moja, utakuwa umekula chakula chepesi kuliko wali wa nazi wa mchana. Tatizo ni kwamba wageni huagiza kile kilichoandikwa ukutani. Kilichoandikwa ukutani ni kile kinachompa muuzaji faida, naye hana kosa kukiandika, lakini jikoni vipo vingi zaidi ya hivyo.

Muhogo wa kuchoma nao umesahauliwa. Jioni utawaona wanaouchoma kwenye seng'enge juu ya mkaa; kipande kikubwa hakizidi 1,000, na muuzaji huupasua katikati apake chumvi na pilipili. Mwambie asipake chochote. Muhogo mtupu na kikombe cha chai ya maziwa ndicho chakula cha jioni nilicholelewa nacho, na bibi yangu alikula hivyo hadi alipofariki akiwa na miaka zaidi ya themanini.

Kwa ndugu wa Kilosa: baada ya saa tatu usiku, tafuta chai kwanza, na chakula kitafuata. Vibanda vya chai vya Kisutu na Mnazi Mmoja huwa na mkate wa kumimina, vitumbua, mayai ya kuchemsha na wakati mwingine uji. Yai moja la kuchemsha ni 500, chai ya maziwa kati ya 700 na 1,000, kipande cha mkate wa kumimina 500. Ukila mayai mawili, mkate na chai umetumia chini ya 3,000 na huna mafuta tumboni, isipokuwa ukichagua vitumbua, ambavyo hupikwa kwa mafuta.

Na Jumapili jihadharini. Katikati ya mji Jumapili ni kama kijiji usiku: ofisi zimefungwa, maduka mengi yamefungwa, na mama lishe hawana mtu wa kumpikia. Anayeshuka Jumapili asisimame Mnara wa Saa kutafuta. Achukue bajaji moja kwa moja hadi Kariakoo.

#4 Dada wa Zamu

Mimi ni muuguzi, na nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu nawaona kila wiki wagonjwa wa aina ya mama yake mleta mada, waliosafiri jana yake na kula walichokipata.

Kwanza, kwa mtu mwenye presha, chumvi ni jambo kubwa kuliko mafuta usiku huo mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni karibu kijiko kimoja cha chai, na kijiko hicho ndicho cha siku nzima, pamoja na chumvi iliyo ndani ya mkate. Supu za barabarani, ikiwemo ya pweza, huwa na chumvi nyingi kwa sababu sufuria huchemka kwa saa kadhaa na maji hupungua. Simkatazi mtu mwenye afya, lakini mgonjwa wa presha ni bora ale vipande na kuacha supu.

Pili, nawaomba msichanganye chakula chepesi na kutokula. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vya kushusha sukari, akiruka mlo wa jioni kwa kuwa treni imechelewa anaweza kushuka sukari usiku, na hilo ni hatari kuliko sahani ya chipsi. Huyo lazima awe na kitu mkononi tangu anapopanda treni. Ndizi au vipande vya mkate vinatosha kumfikisha.

Tatu, matunda. Tikiti maji na papai vilivyokatwa mchana na kufungwa kwenye mfuko vinavutia macho, lakini hujui kisu kilioshwa kwa maji gani. Nunueni ndizi, au chungwa linalomenywa mbele yenu. Na chakula chochote kiwe cha moto wa kweli, chenye kutoa mvuke kinapofunuliwa, kama alivyoeleza mleta mada kuhusu ile hotipoti.

La mwisho kwa mwenye vidonda vya tumbo na kiungulia: mama akimaliza kula asilale papo hapo. Aketi au atembee taratibu, na kama inawezekana zipite saa mbili au tatu kabla hajalala. Hii ni sababu nyingine ya kula mapema.

#5 Mleta mada

Mwenyeji wa Kisutu, nakubali kosa langu. Niliwaweka watu wa mkaa na karai kapu moja kwa sababu ya hasira ya usiku ule wa kwanza. Hata hivyo naomba niseme kwamba kwa mtu mwenye meno machache kama mama, kuku wa kuchoma na muhogo wa mkaa ni vigumu, na hapo ndipo mseto na uji vinabaki kuwa na nafasi yao. Hili la chai kwanza nitalitumia.

Dada wa Zamu, ahsante sana kwa maelezo ya chumvi. Sikuwahi kufikiri kwamba mkate nao unahesabiwa. Mimi nilikuwa nikimkataza mama mafuta halafu namnunulia karanga za kukaanga zenye chumvi pale njiani.

#6 Abu Swaumu

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa. Katika mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka. Mchana utapata shida kupata chakula katikati ya mji, lakini kuanzia saa kumi jioni karibu na misikiti ya Kariakoo, Kisutu na Gerezani futari hupangwa mezani: viazi vitamu, magimbi, mihogo, ndizi za nazi, uji wa mtama au wa mchele wenye pilipili manga, tende na maharage. Karibu vyote vimechemshwa. Kwa abiria anayeshuka jioni, iwe amefunga au hakufunga, huo ndio mwezi mzuri kuliko yote wa kupata chakula laini cha jioni kwa fedha ndogo. Uji peke yake kikombe ni 500, na mzee akiweka tende tatu juu yake hahitaji kitu kingine mpaka daku. Asiyefunga asione haya kununua. Aombe tu afungiwe, akale alikofikia.

#7 Binti wa Mama Lishe

Shikamooni wakubwa. Mimi nimesomeshwa kwa sufuria za mama yangu, ambaye amepika chakula karibu na Stesheni ya zamani kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na nimeguswa kuona watu wazima wanalijadili jambo hili kwa heshima.

Naomba nieleze kwa nini tunafunga saa kumi, kwa sababu wengi hudhani ni uvivu au kukosa wateja. Mama huamka saa tisa usiku. Anaishi Mbagala, na mahitaji ananunua alfajiri, ili saa nne asubuhi chakula kiwe tayari. Akibaki hadi saa mbili usiku ina maana atafika nyumbani karibu saa nne na atalala saa tano, halafu saa tisa aamke tena. Mwili haukubali. Kuna habari ya vyombo pia: sufuria, mkaa na benchi hulipiwa mahali pa kuhifadhiwa, na mlinzi wa stoo naye ana saa zake za kufunga mlango. Zamani kulikuwa na wanaopokezana, mmoja mchana na mwingine jioni, palepale mahali pamoja. Lakini tangu wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kando ya barabara mwishoni mwa 2021, wengi wa zamu ya jioni walihamia mbali na mji, na sehemu zilizobaki ni za ndani zaidi, ambako abiria mgeni hawezi kuziona. Ndiyo sababu kaka umempata yule mmoja tu nyuma ya mnara.

Kuhusu nusu sahani, nawaomba mtuelewe. Mchana wakati wa foleni mtu akiomba nusu, anachukua kiti kilekile na muda uleule wa mwenye sahani nzima, na mama anapata nusu ya fedha. Lakini jioni, chakula kikiwa kimebaki kwenye hotipoti, nusu sahani ni afadhali kuliko kukirudisha nyumbani. Kwa hiyo ombeni nusu jioni, msiombe saa saba mchana.

Na kuna njia rahisi ambayo sijaona mtu akiitaja. Mama lishe ana simu. Mteja akishakula mara moja, akaomba namba, halafu siku ya safari akapiga mchana kusema «mama, niwekee sahani mbili, nitafika saa kumi na mbili», atawekewa, na akisema mgonjwa hali chumvi, chake kitatolewa kando kabla chumvi haijaongezwa. Wateja wa bandarini wanaofanya kazi kwa zamu ndivyo wanavyoishi na sisi. Tunachoomba ni kwamba uliyeagiza ufike kweli, au upige simu mapema kusema hutafika, kwa sababu sahani isiyochukuliwa ni hasara yetu.

Kaka, mfikishie mama shikamoo yangu.

#8 Mgeni wa Mbeya

Samahani kwa kuuliza: je, haya yote yanatusaidia sisi tunaoshuka kwa treni ya TAZARA?

#9 Mwenyeji wa Kisutu

Ndugu wa Mbeya, kwa bahati mbaya hayawasaidii moja kwa moja. Stesheni ya TAZARA iko mbali na katikati ya mji, kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, na kutoka hapo hadi Mnara wa Saa ni safari ya daladala. Kwa kawaida anayeshuka huko ni bora ale jirani na Buguruni, ambako mama lishe hupikia watu wa viwandani na wa sokoni, na jioni wapo wengi kuliko mjini. Utaratibu wa kuomba nusu na kupiga simu ni uleule.

#10 Mleta mada

Ndugu zangu, nimerudi Morogoro leo mchana, na naona ni haki niwape taarifa kwa sababu nilisafiri na ushauri wenu mkononi.

Nilifanya kama alivyosema Binti wa Mama Lishe. Safari iliyopita nilikuwa nimechukua namba ya yule mama wa nyuma ya mnara kwa ajili ya kumsalimia tu, kwa hiyo juzi saa sita mchana nilimpigia, nikamweleza kwamba tutafika jioni, na kwamba mama yangu hatakiwi chumvi nyingi. Aliniuliza swali ambalo hakuna mgahawa uliowahi kuniuliza: «Anatafuna vizuri, au nimpondee?» Nikamwambia ampondee mchicha.

Treni ilifika kwa wakati. Tulipofika pale alikuwa ameshaanza kufunga, benchi limeegemezwa ukutani, lakini hotipoti moja ndogo ilikuwa pembeni na kanga juu yake. Alimwekea mama kiti, akamnawisha mikono kwa maji ya vuguvugu, akamwamkia kabla hajamfunulia chakula. Mama alikula nusu sahani ya mseto kwa 1,000 na mchicha wa 500; mimi nilikula sahani nzima ya 2,000 na mchicha wa 500; tukanunua maji ya lita moja na nusu kwa 1,000 na ndizi mbivu nne kwa 800. Jumla ni 5,800 kwa watu wawili. Nilitaka kuongeza kitu kwa ajili ya usumbufu wa kutusubiri, akakataa, akasema safari ijayo nimletee maharage ya Gairo kilo mbili, na atanilipa bei ya huko. Nimeshayaweka tayari.

Baada ya kula tulikaa palepale kwenye benchi, kama Dada wa Zamu alivyoshauri, hadi alipomaliza kuosha vyombo, halafu tukachukua bajaji kwenda gesti. Mama alilala saa nne kasoro na hakuamka hadi nilipomgongea mlango saa kumi na moja alfajiri.

Kwa watakaomtafuta: Jumapili hayupo, na siku za mvua kubwa hufunga mapema kwa sababu hana paa. Namba yake sitaiweka hapa bila ruhusa yake. Mkifika Mnara wa Saa kabla ya saa moja jioni, ulizeni muuza vocha yeyote mahali anapokaa mama wa mseto, naye atawaelekeza.